Hongereni Walinzi wa Swala wa Saanane

Saanane, kisiwa cha Ziwa Victoria jijini Mwanza, Tanzania, ilianza mwaka 1964 kama bustani ya wanyama. Mwaka 2013 ikawa Hifadhi ya Taifa, ng'ambo kidogo tu ya mtaa wa Capri Point. Wageni hupanda mawe kupiga picha za ziwa. Mimi nawavulia kofia askari wa uhifadhi wanaowakagua swala pala: nani anachechemea, nani kajitenga na kundi, mtoto yupi hanyonyi, kinyesi cha nani si punje kavu tena. Hifadhi nzima, maji yakiwemo, haifiki kilomita za mraba 3. Nyasi zikikauka, swala wa Serengeti anaweza kusogea kwingine kutafuta malisho. Wa kisiwani hana pa kwenda, uhai wake unategemea jicho la askari. Kazi hii haipigiwi makofi.