Konde Huanzia Unyayoni

Kosa lililomwangusha bondia Hassan Mwakinyo mbele ya Liam Smith mjini Liverpool, tarehe 3 Septemba 2022, halikutendeka katika raundi ya 4 alipopiga goti na mwamuzi akalimaliza pambano, bali lilikwisha kutendeka kabla ya kengele ya kwanza, pale alipokubali kupanda ulingoni na viatu ambavyo yeye mwenyewe alieleza baadaye kuwa havikumfaa; nami nasema bila ya kusita kwamba uamuzi huo ulikuwa batili, wa kwake na wa kila aliyesimama katika kona yake.

Wengi mlioutazama mchezo ule mliyachukua maneno yake kuwa ni udhuru wa aliyeshindwa. Mimi simwiti mwongo. Nasema kwamba udhuru huo, maadamu ni wa kweli, ndio unaomtia hatiani zaidi. Konde la kulia huanza kwa kisigino cha nyuma kuinuka. Ncha ya wayo husokota turubai, goti likageukia ndani, kiuno kikafuata, bega likasukumwa, na mkono ukaja mwisho kabisa, umekwisha kujazwa nguvu zisizo zake. Kiatu kikibana vidole, au kisigino kikicheza ndani yake, wayo hausokoti, na wayo usiposokota kiuno hakina cha kupokea, wala bega halina cha kupeleka. Hubaki mkono mtupu. Isitoshe, bondia anayeuhofia mguu wake huacha kukanyaga mbele, na asiyekanyaga mbele hupokea makonde kuliko anavyoyatoa. Yule aliyemzima Sam Eggington katika raundi ya 2 huko Birmingham, tarehe 8 Septemba 2018, hali ameitwa kuziba pengo kwa muda mfupi, huko Liverpool aliiacha silaha yake nje ya kamba, kisha akaingia kupigana.

Smith, bingwa wa dunia wa zamani wa WBO, alifanya kazi yake kwa utulivu.

Hapo ndipo ubishi wa barazani kwetu kijijini Kishushe, kama nguvu ya ngumi ni ya kuzaliwa au ya kufundishwa, unapopata jawabu. Vijana wetu hudhani kwamba mkono uliozoea jembe katika mashamba ya vitunguu umekwisha kuwa mkono wa bondia. Sikatai kwamba wepesi wa misuli ni kudra ya Mwenyezi Mungu. Milima yetu nayo ina chuma ambacho hapana fundi aliyekitia humo, illa jiwe la chuma halikati mti mpaka lipite motoni na chini ya nyundo. Watafiti wa Kisovieti walipima jambo hili mwaka 1985, wakaona kwamba bondia aliyebobea huchota miguuni yapata asilimia 38 ya nguvu ya konde lake, ilhali limbukeni huchota yapata 16 tu. Tofauti hiyo ni mafunzo matupu.

Nimekwisha kulisema hili mara nyingi, na makocha wetu wangali wakiwabebesha vijana vyuma kabla ya kuwafundisha hatua. Tazameni bondia wetu Philip Waruinge: alitunukiwa kombe la Val Barker katika Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 kwa ufundi wake, na medali yake ilikuwa ya shaba tu. John Mugabi wa Uganda, aliyekuwa ameyashinda mapambano yake yote kwa nokauti, alipewa kipaji kuliko wote, lakini tarehe 10 Machi 1986 Marvin Hagler alimtoa katika raundi ya 11, na hata hivyo Mugabi alianguka akiwa na silaha yake mkononi. Aliyekamilika kwa kipaji na kwa mafunzo ni Robert Wangila, aliyemwangusha Laurent Boudouani katika raundi ya 2 ya fainali ya Seoul mwaka 1988, akaipatia Kenya dhahabu ya pekee ya ndondi katika Olimpiki.

Basi kocha yeyote ambaye bondia wake hana viatu alivyovizoea mazoezini na alikatae pambano, ijapokuwa ukumbi umejaa na fedha zimekwisha kuhesabiwa, kwa sababu kipaji kisicho na pa kukanyaga hakimfai mwenyewe wala hakimtishi adui.