Wadau wa Kiswahili Jinja na Mbale: Waalikwa au Washiriki?

Neno "wadau" limepata bahati kubwa katika Kiswahili cha ofisi. Ni nadra warsha ya elimu kufunguliwa, iwe Jinja au Mbale, bila wadau kukaribishwa, kupongezwa na kuombwa ushirikiano. Katika makala haya mafupi tunakusudia kuuliza swali moja: katika ufundishaji wa Kiswahili mashariki mwa Uganda, mdau ni nani, na anapoitwa huitwa kufanya nini?

Sheria ya Elimu ya mwaka 2008 inatamka kwamba utoaji wa elimu ni wajibu wa pamoja wa Serikali, mzazi au mlezi, na wadau wengine. Ni kauli nzuri. Miongoni mwa majukumu ya mzazi yanatajwa chakula, mavazi, makazi, matibabu na usafiri. Kwa bahati mbaya, mikutano mingi ya wazazi hukomea hapo. Mzazi hufahamishwa bei ya sare na chakula cha mchana, kisha hufahamishwa kwamba mwanawe atasoma somo jipya. Hapo mzazi ni mlipaji aliyepewa taarifa, na kumwita mdau ni kumpamba tu.

Historia ya Kiswahili nchini mwetu imejaa uamuzi wa namna hii. Mwaka 1927 Gavana William Gowers alipendekeza Kiswahili kiwe lugha ya elimu na utawala katika sehemu kubwa ya nchi. Kabaka Daudi Chwa alipinga, maaskofu wakapinga, na mpango ukafifia. Mara nyingi kisa hiki hufundishwa kama kisa cha ukaidi wa Buganda. Sisi tunakisoma pia kama kisa cha kiongozi aliyeandika kwanza na kuuliza baadaye.

Kisa cha mwaka 1973 kina mafunzo zaidi. Safari hii wilaya ziliulizwa: 12 zilichagua Kiswahili na 8 zikachagua Luganda, ndipo Idi Amin akatangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa. Kwa hiyo si kweli kwamba hakukuwa na mashauriano. Lakini baada ya hesabu ya kura, nani alipewa kazi gani? Tangazo halikufuatwa na mpango wa kuandaa walimu wala vitabu vya kutosha shule zote. Kiswahili kikabaki lugha ya kambi na vizuizi vya barabarani. Wapo wazazi, hata leo, ambao wakisikia Kiswahili hukumbuka bunduki. Mwalimu mkuu anayepuuza hofu hiyo kwa kusema "ni sera ya Serikali" amejibu swali ambalo hakuulizwa.

Baada ya hapo nyaraka zilifuatana. Tume ya Profesa Senteza Kajubi ilianza kazi mwaka 1987, Waraka wa Serikali wa 1992 ukapendekeza Kiswahili kiwe cha lazima katika shule za msingi, na marekebisho ya Katiba ya 2005 yakakifanya lugha rasmi ya pili. Mtaala mpya wa sekondari wa 2020 ulikifanya somo la lazima katika kidato cha kwanza na cha pili. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaidhinisha kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Nyaraka tunazo. Walimu ndio hawatoshi.

Tutazame sasa mahali penyewe. Jinja ni mji wa reli, viwanda, kambi za jeshi na bwawa la Owen Falls lililofunguliwa mwaka 1954. Wafanyakazi walitoka pande nyingi, na mitaa kama Walukuba ikakikuza Kiswahili bila mwalimu hata mmoja. Mbale iko karibu na mpaka. Wamasaba wana ndugu zao Wabukusu upande wa Kenya, na biashara ya huku na huko haingoji mkalimani. Aidha, Chuo Kikuu cha Kiislamu kipo Mbale tangu mwaka 1988. Kwa maneno mengine, lugha ipo. Ipo sokoni, gereji, msikitini na kambini. Lakini bodi ya shule inapoketi kujadili Kiswahili, hatujui ni mara ngapi mama muuza nguo za mitumba ameulizwa lolote, ingawa huenda anakisema vizuri kuliko mkaguzi. (Mwaliko wenyewe huandikwa kwa Kiingereza.)

Kwa kulinganisha, tazama Lusoga. Kituo cha Utafiti wa Utamaduni cha Dayosisi ya Kikatoliki ya Jinja kimechapisha kamusi na vitabu vya Lusoga. Mtaala wa mwaka 2007 ulipotaka watoto wa madarasa matatu ya kwanza wafundishwe kwa lugha za kwao, Busoga ilikuwa na mahali pa kuanzia. Hapo mdau alikuwa na kazi mkononi na jina lake liko kwenye jalada la kitabu. Kiswahili mashariki hakina mlezi wa namna hiyo. Wapo wanaodhani Wizara itakuwa mlezi huyo. Hatukubaliani nao: Wizara hutoa waraka, haikai Walukuba.

Linalowezekana si kubwa mno. Mashirika ya dini yaliyoanzisha shule yana viti vingi katika bodi, na shirika moja mara nyingi lina shule kadhaa katika mji mmoja. Shirika hilo linaweza kukubaliana na wakuu wa shule zake kwamba mwalimu mmoja wa Kiswahili ahudumie shule mbili, ratiba zipangwe pamoja, nauli yake ilipwe na zote mbili. Uamuzi huo hauhitaji Bunge. Unahitaji wakuu wawili wa shule wasioogopana, jambo ambalo, tukiri, katika miji yenye ushindani wa matokeo ya mitihani si jepesi. Unahitaji pia wazazi waulizwe kabla ya ratiba kubandikwa: wanakiogopea nini Kiswahili, wanakitakia nini, na nani kati yao anaweza kuja darasani Ijumaa mchana kuzungumza na watoto kuhusu biashara ya Malaba.