Kauli za Kumwondoa Mkongwe: Uhakiki wa Lugha ya Habari za Kandanda

Wahakiki wa Kiswahili wameishughulikia sana lugha ya ushairi na ya riwaya, na lugha ya kandanda wakawaachia watangazaji na waandishi wa magazeti. Upungufu huo si mdogo, kwa kuwa wako wasomaji wengi ambao nathari ya Kiswahili wanayoisoma kila siku ni habari za michezo. Makala haya yanachunguza tukio moja tu katika lugha hiyo: mchezaji mkongwe, mwenye heshima, anapoondolewa na klabu yake. Hoja inayotetewa ni kwamba Kiswahili cha habari kina vitenzi vingi vya kulieleza tukio hilo, lakini vinavyopendwa zaidi ni vile vinavyomficha mtendaji. Kasoro hiyo si ya lugha yenyewe, bali ni ya uteuzi.

Wasomaji wanaofikiriwa hapa ni wa nchi ya chai, Kericho na Bomet. Huko Mkipsigis, Mjaluo, Mkisii na Mluhya hukutana shambani na kiwandani kwa Kiswahili, na kwa Kiswahili hichohicho huzungumza habari za mpira. Kampuni za chai zilikuwa na timu za wafanyakazi, na mchezaji wa timu ya namna hiyo alikuwa ameandikwa kazi na mwajiri yuleyule mwenye timu. Kwa msomaji wa huko, lugha ya kuachishwa kazi na lugha ya kuachwa na klabu zinakaa jirani sana, na kwa hiyo kosa la moja huonekana katika nyingine.

I. Kauli tatu za kitenzi

Kauli ya kwanza ni ya kutendwa: "ametemwa". Neno hili lina asili mbili katika kamusi. Kuna kutema kitu kinywani, kama mtu atemavyo mate au makapi ya muwa, na kuna kutema kwa panga, kama mtu atemavyo kuni. Matumizi ya kandanda yanaelekea kwenye maana ya kwanza: utamu umekwisha, yaliyobaki ni makapi. Istiari hii ina nguvu, na ndiyo maana imeenea. Lakini inatoa hukumu juu ya thamani ya mtu pasipo kuitolea hoja. Jonas Mkude alikulia katika timu ya vijana ya Simba ya Dar es Salaam, akaichezea klabu hiyo kwa zaidi ya miaka 10, na akaondoka mwaka 2023. Katika kipindi hichohicho cha usajili alichukuliwa na Yanga, watani wa Simba, na msimu wa 2023/24 Yanga ikatwaa ubingwa wa Tanzania Bara. Mtu hawezi kuwa makapi mtaa mmoja na muwa mtaa wa pili. Kilichobadilika ni mahitaji ya mwajiri, na hayo ndiyo ambayo kitenzi "kutemwa" hakiyataji.

Kauli ya pili ni ya kutendana: "klabu imeachana na mchezaji". Hii inaonekana kuwa na adabu kuliko ya kwanza, na pengine ni hatari zaidi. Kiima ni klabu, lakini kiambishi -an- humgawia mchezaji nusu ya uamuzi ambao huenda hakuufanya. Kiswahili cha ndoa kinaijua tofauti hii vizuri. Kuacha ni tendo la mmoja. Kuachana ni la wawili. Mume aliyetoa talaka akija kusema "tumeachana", wazee hawaachi kumwuliza ni nani aliyemwacha mwenzake. Mwandishi wa michezo naye angepaswa kuuliza hivyo kabla ya kukitumia kiambishi hicho. Mwaka 2024, John Bocco, nahodha aliyejiunga na Simba kutoka Azam mwaka 2017, aliondoka katika klabu hiyo. Baadaye akaichezea JKT Tanzania. Habari ya mchezaji wa daraja lake inastahili kitenzi kinachoeleza aliyeamua, iwe ni klabu, ni yeye, au kweli ni wote wawili.

Kauli ya tatu ni ya kutenda, na humtwisha mchezaji mzigo wote: "ametundika daluga", au kama wasemavyo wengi Kenya, "ameangika daluga". Mwenye kustaafu kwa hiari yake anastahili usemi huu mzuri. Lakini mara nyingi hutumiwa kwa mtu ambaye daluga zake zimetundikwa na mwingine, naye angali akitafuta timu.

Katika miaka ya karibuni Tanzania imeongeza usemi wa nne. Klabu huchapisha picha ya mchezaji pamoja na maneno mawili ya Kiingereza, Thank You, na mashabiki wameyageuza kuwa nomino: fulani "amepewa Thank You". Hapa shukrani imekuwa jina la kuondolewa kazini. Jambo la kushangaza si kukopa. Kiswahili kimekopa tangu zamani na kikanenepa. La kushangaza ni kwamba neno "asante" lilikuwapo, na kila mtu analijua. Asante husemwa kwa mtu kwa ajili ya jambo fulani alilotenda. Thank You ya picha haihitaji kutaja jambo lolote.

II. Kibarua na kipande

Usemi unaopendwa pia, hasa kwa makocha, ni "kibarua chake kimeota nyasi". Kiima hapa ni kibarua, na mtendaji anayeonekana ni nyasi. Asili ya neno inajulikana: kibarua ni barua ndogo, cheti alichopewa mtu wa kazi ya siku. Mtu wa Kericho anajua pia kwamba nyasi hazioti zenyewe katika shamba linalopaliliwa. Zikiota, kuna mtu aliyeondolewa, na kuna mtu aliyemwondoa.

Neno "kuachiliwa", linalotumiwa sana Kenya, linahitaji uangalifu wa pekee. Kwa sikio la mwanaisimu ni tafsiri sisisi ya Kiingereza, maana anayeachiliwa kwa Kiswahili ni mfungwa au mnyama aliyeshikwa. Lakini katika mashamba ya walowezi neno hili lina historia. Sheria ya uandikishaji ya mwaka 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ilimlazimisha Mwafrika mwanamume kubeba kipande kilichoonyesha kazi zake. Mwajiri alitia sahihi mtu alipoondoka. Bila ya sahihi hiyo ilikuwa shida kuandikwa kwingine. Mchezaji anayehangaika kutafuta barua ya kuachiliwa kutoka kwa klabu yake ya zamani yumo katika mfano huohuo. Mahakama ya Ulaya iliamua mwaka 1995, katika shauri la Mbelgiji Jean-Marc Bosman, kuwa klabu haiwezi kudai malipo ya uhamisho kwa mchezaji ambaye mkataba wake umekwisha anapokwenda klabu ya nchi nyingine ya Umoja wa Ulaya. Tangu hapo, kusema kuwa mtu aliyemaliza mkataba "ameachiliwa" ni kumrudisha katika kipande kwa njia ya sarufi.

Ni haki kutaja tukio ambalo mtendaji alijulikana. Klabu ya Zoo ya Kericho, iliyopanda Ligi Kuu ya Kenya mwaka 2017 na kuchezea nyumbani katika uwanja wa Kericho Green, iliondolewa ligini mwaka 2021 na FIFA kwa sababu ya upangaji wa matokeo. Jina la mwamuzi na sababu yake vilitajwa, na kwa hiyo watu waliweza kubishana juu ya uamuzi huo. Wachezaji wa Zoo, wakongwe kwa chipukizi, walijikuta nje ya Ligi Kuu pamoja na klabu yao. Lakini angalau walijua ni nani aliyeamua.

III. Pingamizi na pendekezo

Itasemwa kwamba kichwa cha habari kinataka ufupi, na "yamtema" ni fupi. Pingamizi hili halina uzito, maana "yamwacha" haizidi "yamtema" kwa silabi. Itasemwa tena kwamba istiari ndiyo ladha ya lugha ya michezo. Hilo ni kweli, na hakuna haja ya kuikausha lugha hiyo. Tofauti iliyopo ni kati ya istiari inayoeleza mchezo na istiari inayofunika mkataba. Aliyeambiwa kuwa wawili "wameachana" hataulizia mshahara ambao haujalipwa.

Kiswahili kinazo nyenzo za kusema wazi. "Klabu haikumwongezea mkataba" ni sentensi kamili yenye kiima. "Ameachishwa" nayo ni bora kuliko "ametemwa", kwa kuwa kiambishi -ish- kinashuhudia kuwa yuko aliyesababisha, hata kama hakutajwa. Tena ni kitenzi kilekile cha mtoto anayeachishwa ziwa, ambaye hadharauliwi kwa kuachishwa.

Upungufu wa mwisho ni wa jina la hali inayofuata. Katika utaratibu wa ipinda, marika ya Wakipsigis, rika moja hulipisha jingine, na anayeuacha ujana wa vita ana daraja linalomngoja na lenye jina: boiyot, mzee. Lugha ya kandanda humwita aliyeondolewa "mchezaji wa zamani", yaani humtaja kwa kile asichokuwa tena.

Mwezi Mei 2023 waandamanaji wa Kericho walichoma mashine za kuchumia chai, kwa hofu kuwa zinawanyang'anya watu kazi. Mikono inapopungua mashambani, hupungua pia wale waliofanya Kiswahili kuwa lugha ya kazi na ya mpira huko. Inafaa idara za Kiswahili zikusanye msamiati wao mapema: waliandikwaje, walifutwaje, na waliwaitaje wenzao waliotoka timuni. Huenda maneno ambayo magazeti yanayakosa yakapatikana kwao.