Simfoni ya Tisa ya Bayreuth

Santuri ya Simfoni ya Tisa ya Beethoven iliyonaswa Bayreuth tarehe 29 Julai 1951, Wilhelm Furtwängler akiongoza, ina ila ambazo mwanafunzi yeyote aweza kuzihesabu. Sauti imefifia, na mwishoni kabisa mwendo wakazwa mno hata wapigaji karibu watawanyike. Walakini aihukumuye kwa ila hizo tu ni kama apimaye utenzi kwa vina na mizani, maana akaiacha. Ubora wake u katika sehemu ya tatu, ichukuayo dakika zipatazo 19: fidla zaenda polepole mno, wala uzi haukatiki; kila kituo chaandaa kifuatacho. Ndipo ile mbio ya mwisho ipatapo sababu, kwani ni utulivu mrefu ulioachiliwa. Yafaa kukumbuka pia kuwa tamasha la Bayreuth lilikuwa likifunguliwa upya baada ya vita, mahali ambapo Hitler alikuwa mgeni wa heshima. Wimbo wa udugu wa wanadamu haukuweza kuimbwa pale kwa wepesi. Furtwängler alifariki mwaka 1954, na EMI ikaitoa santuri mwaka 1955, asipate yeye kuikubali wala kuikataa.