Breka ya 32 kwenye Waya wa 2.5

Kuna video ya fundi anayeshughulikia shawa ya umeme ya nyumba moja, nami siirudii yote. Naenda moja kwa moja pale anapochomoa breka ya ampea 20 na kupachika ya 32, huku mwenye nyumba akimshukuru kwa kumwondolea kero. Hapo ndipo alipoharibu kazi. Yapo mengine ambayo sina neno nayo: kondiuti zimenyooka, nyutro zimekazwa, na kila sakiti imeandikwa jina lake kwenye boksi.

Shawa ile ni ya wati 5,500. Kwa volti 230 inavuta ampea 24. Breka ya 20 ilikuwa ikikata mtu akioga muda mrefu, na ilikata kwa haki. Fundi akasingizia umeme wa mtaa, eti ni mkubwa. Haya, tuseme volti zimepanda hadi 245: elementi ile ile itavuta ampea 25 na nusu. Umeme wote huo wa mtaa umeongeza ampea moja na nusu tu! Kosa halikuwa kwenye nguzo. Lilikuwa ukutani, ambako shawa imeungwa kwenye laini ya soketi za jikoni, waya wa milimita za mraba 2.5, na laini hiyo hiyo inalisha birika.

Waya wa shaba wa 2.5 ndani ya kondiuti ya ukutani hubeba ampea 24 hewa ikiwa nyuzi 30. Kwenye joto la Dar es Salaam la nyuzi 35 hesabu inashuka hadi 22 na ushee. Sasa itazameni breka ya 32. Kwa kiwango cha IEC 60898, ikipitiwa na ampea 36 haitakiwi kukata ndani ya saa nzima. Inalazimika kukata ndani ya saa hiyo mkondo ukifika 46. Washa shawa, ampea 24. Washa na birika la kilowati 2, karibu ampea 9. Jumla ni 33, na breka imetulia kama vile hakuna kitu. Joto la waya hupanda kwa mraba wa mkondo, kwa hiyo waya ule unatoa joto zaidi ya mara mbili ya kiwango chake. Ganda lake la PVC mwisho wake ni nyuzi 70. Likivuka hapo kila asubuhi linakauka, linapasuka, na shaba inabaki wazi ndani ya ukuta ambako hakuna anayeiona. Breka ipo kwa ajili ya kuulinda waya huo. Fundi ameiondolea kazi yake, akaacha waya ndio uwe fyuzi.

Wanaomtetea wanauliza mbona ringi hutumia 2.5 na breka ya 32. Ringi hutoka kwenye boksi na kurudi kwenye boksi, mkondo una njia mbili za kupita, na kila plagi ina fyuzi yake isiyozidi 13. Waingereza waliibuni miaka ya 1940 ili kubana matumizi ya shaba, na waliifanyia hesabu. Fundi wetu amevuta laini moja inayoishia bafuni. Hata ingekuwa ringi, shawa ya wati 5,500 haina mahali pake humo.

Na lile ninalolipigia kelele kila mara limo pia. Mwishoni mwa video kuna chaja ya pini mbili imesukumwa kwenye soketi, na kipande cha kalamu kilichotumika kuifungua soketi kimebaki kwenye tundu la ethi. Nyumba yenye maji na umeme bafuni, halafu ethi inachezewa hadharani!

Wazee wa fyuzi za waya hawakufanya hivi. Walijua rangi za vishikio vyao, nyeupe 5, bluu 15, njano 20, nyekundu 30, na fyuzi ikiungua swali lao la kwanza lilikuwa: mmewasha nini? Jiko la umeme walilivutia laini yake peke yake, waya wa 6, na swichi kubwa ukutani. Walichora sakiti kwenye karatasi kabla ya kugusa nyundo. Leo wengi wana leseni ya EWURA mfukoni na hawana kikokotoo.

Kazi sahihi haikuwa ngumu. Waya wa 6 kutoka kwenye boksi hadi bafuni bila kugawia soketi yoyote, hapo ndipo breka ya 32 inapokubalika. Swichi ya poli mbili nje ya mlango, ethi iliyopimwa, na RCD, kikatio cha umeme unaovuja, ya miliampea 30. Gharama ingeongezeka kwa mita chache za shaba.

Mwenye nyumba ile, usioge tena kwa shawa hiyo. Mwite fundi airudishe breka ya 20 leo, na shawa ibaki imezimwa mpaka waya wa 6 uvutwe.