Bi Shakila na Kazi ya Koo

Wapo watu wengi wa pwani wanaoujua wimbo wa taarabu wa "Macho Yanacheka" bila kumjua mwimbaji wake. Ni Shakila Saidi, Bi Shakila, aliyezaliwa Pangani mwaka 1947 na kufariki Dar es Salaam tarehe 19 Agosti 2016. Alikuwa mama, na alikuwa mfanyakazi. Hilo la pili husahaulika upesi, kwa sababu mwanamke akiimba tunasema ana sauti nzuri, tukaishia hapo. Kumbe koo lake lilikuwa ajira yake, na ajira hiyo ina ufundi wake.

Alipoanza kuimba, alikuta Tanga inaigeuza taarabu. Unguja ilijivunia vikundi vya udi, ganuni na fidla, na kikongwe chao, Ikhwani Safaa cha mwaka 1905, kilianzishwa na wanaume. Miaka ya 1960 vijana wa Tanga, Black Star Musical Club wakiwa mstari wa mbele, walishika gitaa la umeme na besi. Mwendo ukachangamka, na mbele ya maikrofoni wakasimama wanawake. Shakila aliimba Black Star, akaimba Lucky Star, baadaye akaimba na kikundi cha taarabu cha Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ).

Ama ufundi wenyewe: mshororo wa wimbo wa taarabu mara nyingi una mizani 16, nane kwa nane. Mwimbaji mchanga huishiwa pumzi katikati, na neno likakatika. Fundi huvuta pumzi mapema, pale ala zinapoitikia, kisha hulifikia neno la mwisho angali na akiba. Irabu yake huinyoosha, huitikisa kidogo, mpaka kina kitue mahali pake. Msikilize Bi Shakila. Hapazi sauti kupita kiasi. Neno la uchungu hulitamka taratibu, kama anayezungumza na shoga yake barazani, na kila silabi inafika. Aliyeketi nyuma kabisa ukumbini alihisi ameambiwa yeye, ndipo alipoinuka kwenda kumtunza.

Utulivu huo hauji kwa kipaji peke yake. Ni mazoezi, ni kuyahifadhi mashairi ya watunzi hadi yawe kama yako. Na taarabu ni kazi ya usiku. Mama mwenye watoto huilipia mara mbili: kwa usingizi wake na kwa maneno ya watu. Anayevumilia yote mawili miaka nenda rudi anastahili heshima tunayompa mwalimu na muuguzi.

Kabla ya Bi Shakila alikuwapo Siti binti Saad, muuza vyungu wa Fumba, naye mama, aliyevuka bahari hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri. Tunayajua maisha yake vizuri kwa kuwa Shaaban Robert, mwana wa Tanga, aliona yanafaa kitabu.

Basi waandishi wa Tanga na Pangani, mfano mnao kwenu. Wanawake walioimba zama za Black Star na Lucky Star wanapungua kila mwaka. Wafuateni majumbani. Waulizeni walifundishwa na nani, walilipwa nini, na usiku wa shoo nani aliwaangalizia watoto. Yaandikeni majibu yao wangali hai, waweze kuyasoma.