Kibo Bila Wenyewe

Mchana, mwanafunzi wa ushirika mjini Moshi husoma habari za KNCU, chama kikuu cha wakulima wa kahawa kilichoundwa mwaka 1933. Usiku, bwenini, hutazama kwenye kompyuta The Snows of Kilimanjaro, filamu ya Henry King ya mwaka 1952. Hadithi ya Hemingway iliyoizaa ilitoka mwaka 1936, chama kile kimekwisha kusimama. Hadithini mwandishi hufa, filamu imemponya. Walakini kosa kubwa si hilo. Kosa ni mlima kufanywa pambo la majuto ya mgeni, na wenyeji watumishi wasio na kauli. Alfajiri, mawingu yakifunguka, Kibo yaonekana dirishani, na chini yake mibuni na migomba ya watu ambao filamu haikuwaona.